Maji ya kisima yana chumvi, mume anataka bomba la mvua jeusi: tuchague nini bafuni?

Shikamoo mzee wetu,

Mimi na mwenzangu tunajenga Kibada, Kigamboni. Nyumba imeshapauliwa na kupigwa plasta, na fundi bomba anataka kuanza kukata kuta apitishe mabomba. Tuna mabafu mawili, moja la chumba chetu na moja la familia. La familia ndilo atakalotumia mama mkwe, ambaye anahamia kwetu mwakani. Ana miaka sabini na ushee na magoti yanamsumbua.

Shida yetu ni kwamba kila mtu ana bafu lake kichwani. Mume wangu ameshanunua Kariakoo seti ya bomba la mvua jeusi, lile la sahani pana ya mraba, pamoja na miksa, yaani koki ya kuchanganya maji ya moto na ya baridi, ya kufukiwa ukutani. Anataka pia kioo kisicho na fremu, na marumaru ya sentimita 60 kwa 60 inayong'aa, sakafu na ukuta vifanane. Fundi marumaru amemuunga mkono, tena anasema tusipoteze hela kununua dawa ya kuzuia maji kwa sababu "marumaru yenyewe haipitishi maji". Mimi nilitamani sakafu ya vijiwe vidogo vya mviringo kama niliyoiona hotelini Zanzibar.

Maji ya DAWASA tunayapata siku mbili tatu kwa wiki. Siku nyingine ni kisima chetu, na maji yake yana chumvi. Sabuni haitoi povu, na birika linabaki na ukoko mweupe. Yote yanapandishwa kwenye simtank moja la lita 2,000 lililo juu ya mnara wa mita tatu.

Tungependa na maji ya moto, ila naogopa. Jirani ana hita ya kichwa cha bomba, na ukishika koki ikiwa inawaka unasikia umeme unakutekenya mkononi.

Sisi ni sita na bajeti ni ya kubana. Naomba uniambie nianzie wapi, nini ninunue cha bei na nini nichukue cha kawaida.

Mama wa Kibada

* * *

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa kupaua.

Katika barua yako umetaja marumaru, kioo, vijiwe na rangi, kisha ukataja maji karibu na mwisho, kama jambo la pembeni. Mimi ningeanzia huko. Bafu la Kibada lenye kisima cha chumvi na mnara wa mita tatu haliwezi kuwa bafu la hotelini, hata mkinunua vitu vile vile kwenye duka lile lile. Maji yenu ndiyo yatakayoamua koki gani idumu, bomba gani lifanye kazi na hita gani isimdhuru mtu. Bahati yenu kuta hazijakatwa bado. Mzuieni fundi bomba mpaka mmalize kusoma barua hii.

Mnachanganya maji mawili kwenye tanki moja, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Mkimimina ya kisima juu ya ya DAWASA, yote yanakuwa ya chumvi. Nunueni tanki la pili, hata la lita 1,000, liwe la kisima peke yake, na mpitishe laini mbili ndani ya nyumba. Laini ya chumvi iende kwenye matanki ya kuflashia vyoo na kwenye koki ya nje ya kumwagilia na kuosha gari. Laini ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, iende bafuni, kwenye masinki ya kunawia na jikoni. Leo kuongeza laini ni suala la mabomba na mfereji mmoja zaidi ukutani, lakini marumaru ikishabandikwa hamtalifanya tena.

Najua utauliza kama maji ya DAWASA ya siku mbili tatu yatatosha watu sita. Tupige hesabu. Bomba la mvua la kawaida linatoa kama lita 8 kwa dakika, kwa hiyo mtu akioga dakika tano ametumia lita 40, na watu sita ni lita 240. Ongeza lita 150 za kupikia, kunywa na vyombo, unafika karibu lita 390 kwa siku. Tanki lenu la lita 2,000 likijaa linawavusha siku tano. Wale watakaopenda kuoga kwa ndoo wanatumia lita 15 hadi 20 tu, basi mna nafasi ya kupumua. Na paa mnalo. Wekeni gata, maji ya masika na ya vuli yaingie kwenye tanki la maji baridi baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi. Mkisikia mtu anawauzia mashine ya kuondoa chumvi kwa nyumba nzima, muulizeni kwanza inatupa lita ngapi kwa kila lita moja inayosafisha, halafu ndipo muulize bei.

Sasa lile bomba jeusi la Kariakoo.

Maji ya tanki yanasukumwa na kimo tu. Kila mita kumi za kimo zinakupa msukumo wa baa moja. Mnara wako ni mita tatu, na kichwa cha bomba la mvua kinakaa kama mita mbili na robo kutoka sakafuni. Tanki likikaribia kuisha, kilichobaki juu ya kichwa chako ni chini ya mita moja, yaani hata sehemu moja ya kumi ya baa haifiki. Sahani pana ya mvua nyingi inataka nusu baa hadi baa moja ndipo matundu yote yatoe maji kwa pamoja. Kwenu itadondosha. Mtu atasimama katikati, maji yamlowanishe kisogo huku mabega yakiwa makavu. Tena hata mkiweka pampu ya kusukuma maji na sahani ikafanya kazi vizuri, inaweza kumwaga lita 15 kwa dakika. Dakika kumi ni lita 150, na hesabu niliyokupigia hapo juu inakufa siku hiyo hiyo. Pampu nayo inataka umeme. LUKU ikiisha mtu akiwa na sabuni machoni, mtasikia.

Badala ya pampu, ningeongeza mnara ufike mita tano au sita kama msingi wake na nondo zake zinaruhusu. Lita 2,000 ni tani mbili, kwa hiyo umuulize aliyeujenga, si fundi bomba. Kisha ongezeni unene wa mabomba. Hapa watu wengi wanakosea kwa sababu bomba la plastiki la PPR linaitwa kwa kipimo chake cha nje. Lile la milimita 20 lenye ukuta mnene, tundu lake la ndani ni kama milimita 13 tu. Kutoka kwenye tanki shusheni la milimita 32, ndani ya nyumba mtumie la 25, na la 20 liwe kile kipande cha mwisho kinachopanda kwenye koki. Kona nazo zipunguzwe, maana kila elbo inakula msukumo ambao tayari hamna.

Kuhusu kichwa chenyewe, chukueni cha mkono chenye mpira na fimbo ya kukipandisha na kukishusha, sahani ya sentimita kumi hivi. Mama mkwe ataoga amekaa, wewe utaosha watoto bila kujilowanisha nywele, na ukisafisha bafu unafika kila kona. Chagua chenye vitundu vya kutolea maji vya mpira laini wa silikoni. Ukoko ukiziba unavisugua kwa kidole gumba unatoka, wakati vile vigumu inabidi uloweke kwenye siki. Seti ya mzee wa nyumba irudisheni dukani ikiwa ingali kwenye boksi lake na risiti ipo, mbadilishiwe.

Kama duka limekataa, basi angalau ile miksa msiifukie. Hilo nasisitiza kuliko yote niliyosema mpaka hapa. Miksa ya ndani ya ukuta ni nzuri kwa macho, lakini ina moyo wake unaochakaa, na maji yenye chumvi na ukoko yanauchakaza mapema. Siku ikianza kuvuja utatafuta kipuri chake Kariakoo nzima, na kama toleo lile halipo tena, utapasua marumaru. Miksa ya nje inakaa juu ya vichwa viwili vya nusu inchi vilivyoachana sentimita 15 katikati ya tundu na tundu. Kipimo hicho karibu kila kiwanda kinakifuata, kwa hiyo ikifa unafungua nati mbili, unaweka nyingine. Elbo za PPR zinazopokea miksa hiyo ziwe zile zenye shaba ndani, na kila bafu liwe na valvu yake ya kufunga maji, ili koki moja ikiharibika nyumba nzima isikae bila maji.

Namna ya kuijua koki nzuri dukani, usitazame mng'ao, kwa sababu zote zinang'aa siku ya kwanza. Inyanyue, ya shaba ni nzito. Kisha igeuze uchungulie ndani ya nyuzi pale bomba linapoingia, sehemu ambayo haikupakwa kromu. Ukiona umanjano ni shaba, ukiona kijivu ni zinki, na zinki kwa maji yenu usiichukue hata ukipewa bure. Sumaku haikusaidii hapo, haishiki shaba wala zinki. Rangi nyeusi isiyong'aa haina ubaya wa uimara ikiwa chini yake ni shaba, ila kila tone la maji magumu likikauka juu yake linaacha doa jeupe, na doa jeupe juu ya cheusi linaonekana kutoka mlangoni. Kama baba watoto ameipenda nyeusi na yuko tayari kuifuta kila jioni kwa kitambaa, ni yeye na kitambaa chake.

Hapo hapo chini ya miksa wekeni koki ya kawaida, sentimita 60 kutoka sakafuni, ndoo iingie chini yake. Bafu nyingi za kisasa zinasahau ndoo, halafu siku maji hayana nguvu watu wanabeba maji kutoka jikoni. Koki hiyo inamfaa pia anayetawadha.

Sasa sakafu na kuta. Fundi wako amesema nusu ya ukweli. Marumaru nzuri kweli haipitishi maji, lakini sakafu si marumaru tupu. Kati ya moja na nyingine kuna grauti, grauti ya saruji inanyonya, na plasta iliyo nyuma yake inanyonya zaidi. Maji yanapita pale kila siku kidogo kidogo, yanapanda ukutani, na baada ya muda unaona rangi inabanduka upande wa pili, chumbani, nyuma ya kabati. Fundi marumaru hatakuwepo siku hiyo.

Nunua dawa ya kuzuia maji ya aina ya saruji, ile ya unga na maji yake meupe kama maziwa. Kabla ya kupaka, pembe zote zibandikwe mkanda wa wavu, ukuta unapokutana na sakafu na pale tundu la maji lilipo, kwa kuwa ufa unaanzia kwenye pembe. Kisha mikono miwili, yaani tabaka mbili, wa pili upakwe kukatisha wa kwanza baada ya ule wa kwanza kukauka. Sehemu ya kuogea ipakwe ukutani mpaka mita mbili, kuta nyingine za bafu sentimita 20 zinatosha. Mchanganyiko wote, kuanzia skridi ya sakafu, yaani tabaka la saruji la kusawazisha, hadi grauti, ukorogwe kwa maji ya DAWASA. Fundi akichota kisimani kwa sababu ndicho kilicho karibu, mtaona unga mweupe unatoka kwenye viungo vya marumaru mkafikiri ni uchafu, mkasugua, ukarudi.

Mteremko uwekwe kwenye skridi, kabla ya dawa. Sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita, kuelekea kwenye tundu. Fundi akikuambia ataupata kwa kunenepesha gundi chini ya marumaru, mkatalie. Na kwa mteremko huo marumaru ya 60 kwa 60 haikai sawa, labda aikate kwa mshazari kama bahasha ili ikunje kuelekea tundu. Sehemu ya kuogea tumia vipande vidogo, 10 kwa 10 au hata 30 kwa 30 iliyokatwa nne. Vinafuata mteremko, na viungo vyake vingi vinaupa mguu mahali pa kushika. Hizi zinazotengenezwa hapa nchini, Chalinze na Mkuranga, zina aina zinazofaa kabisa, huna haja ya kukimbilia za kutoka nje. Ile inayong'aa ya mume wako iende ukutani au sebuleni. Sakafuni, kwa maji ya sabuni na magoti ya mama mkwe, mimi siiruhusu.

Kama boksi limeandikwa R10 au R11, hicho ni kipimo cha kutoteleza, na R11 inashika zaidi. Boksi likikaa kimya, nenda dukani na chupa ya maji na kipande cha sabuni, omba marumaru moja waiweke chini, lowanisha, paka sabuni, vua kiatu usimame. Watakushangaa, waache washangae. Jaribio lingine ni la mgongoni. Geuza marumaru udondoshe tone la maji. Ikilinywa mara moja, ni ya ukutani, usiikubali sakafuni. Tone likibaki limesimama, ni porseleni, ngumu na inayofaa kukanyagwa. Ila porseleni hiyo, kwa sababu hainyonyi, haishiki vizuri kwa uji wa saruji tupu ambao mafundi wamezoea. Inataka gundi yake ya marumaru, na gundi isambazwe kwa mwiko wa meno chini ya kipande chote. Fundi anayebandika kwa mabonge matano, manne pembeni na moja katikati, anakuachia mashimo ya kuhifadhi maji. Siku ya pili pita na sarafu ukigonga kila kipande. Kinacholia tupu king'olewe hapo hapo.

Viungo viwe vya milimita 2 au 3, msikubali kubananisha. Na pale ukuta unapokutana na sakafu isiwekwe grauti bali silikoni ya bafuni, kwa sababu hapo pana mjongeo na grauti itapasuka tu.

Vijiwe vyako vya Zanzibar, mwanangu, achana navyo. Hoteli ina mtu wa kusugua kila asubuhi, na mguu wa mwenye magoti mabovu hautaki kukanyaga kokoto.

Tundu la maji liwe na trapu, yaani kikombe kinachobaki na maji ndani, kina kama cha sentimita tano. Maji hayo ndiyo yanayozuia harufu na mende wa kwenye chemba wasipande. Angalia kabla halijafukiwa, kwa sababu kuna yanayouzwa ambayo ni wavu tu juu na bomba tupu chini, na kwa nje yanafanana.

Kioo kisicho na fremu sitakisifia. Kwa maji magumu kinakuwa na ukungu mweupe usiotoka, na bawaba zake, zisipokuwa za chuma cha pua cha daraja la 316, hewa ya bahari ya Kigamboni itazitafuna. Jengeni ukuta mfupi wa tofali hadi kifuani, wekeni pazia la plastiki, hela ya kioo ihamie kwenye dawa ya kuzuia maji na koki za shaba. Chumbani kwenu, kama mzee haafiki, akiweke huko, lakini kiwe kioo kigumu cha milimita 8 au 10 kile ambacho kikivunjika kinakuwa punje, si visu.

Bafu la mama mkwe nalitazama peke yake. Msijenge kizingiti. Mteremko peke yake unatosha kuzuia maji, na mguu wake hautahitaji kupanda. Jengeni benchi la tofali la urefu wa sentimita 45, lipakwe dawa na libandikwe marumaru kama sakafu, na lenyewe liwe na mteremko kidogo maji yasikae. Ukutani pembeni ya benchi na karibu na choo, wekeni fimbo za kushika kwa urefu wa sentimita 85 hadi 90, zifungwe kwa bolti zinazoingia kwenye tofali, si skrubu za plasta. Zile fimbo za kunyonya ukuta kwa mpira zinauzwa sana, nazo zinaachia siku ile ile mtu anapoteleza. Mlango wa bafu hilo ufunguke kwa nje. Mtu akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, anauziba kwa mwili wake mwenyewe na hamtaweza kuingia.

Dirisha lisiwe dogo la kupitisha mkono tu. Kwa unyevu wa pwani, bafu lisilopumua linaota ukungu hata likisuguliwa, na siling ya jipsamu ndiyo ya kwanza kuota madoa meusi. Bafuni wekeni siling ya PVC.

Nimebakisha umeme makusudi, maana hapo sina utani.

Hita ya kichwa cha bomba ina waya wa kupasha moto, na kwenye nyingi kati ya hizo, waya huo umezama ndani ya maji ukiwa uchi. Maji yasiyo na chumvi hayapitishi umeme sana, kwa hiyo sehemu kubwa ya umeme unaotoroka inarudi kwenye eathi kabla ya kukufikia. Maji ya chumvi yanaupitisha vizuri. Kama eathi ni mbovu au haipo, ndiko kutekenywa anakokusikia jirani yako. Mwambieni asiitumie tena hata mara moja mpaka fundi umeme aipime, kwa sababu kinachomtekenya leo kinaweza kumuua kesho akiwa na miguu majini.

Ninyi mkiitaka, laini yenu ya maji baridi isiyo na chumvi imeshawatatulia nusu. Hata hivyo dukani ombeni ile iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, ambayo waya wake umefunikwa. Hita ya wati 5,500 inavuta kama ampia 24, hivyo iwe na waya wake wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye bodi ya umeme, usiochangia na soketi wala taa, na sakiti breka yake ya ampia 32. Juu ya hiyo kuwe na kifaa kinachokata umeme ukivuja kwa miliampia 30. Kifaa hicho kikikata kila mara, kuna mafundi watakaokwambia kibovu, kitolewe. Hakina ubovu, kinakuonyesha uvujaji. Swichi ya hita iwe nje ya sehemu inayofikiwa na maji, na fimbo ya eathi ipimwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, akuonyeshe namba kwenye kipimo chake.

Halafu jiulizeni kama mnaihitaji kote. Dar si Njombe wala Lushoto. Baridi yenu ni ya alfajiri za Juni na Julai, na hita hiyo dakika kumi zinakula karibu uniti moja ya LUKU. Mimi ningeiweka bafu la familia peke yake, kwa mama na watoto, na chumbani kwenu nikaacha waya umeshapita ukutani na boksi limefunikwa. Mkizeeka mtaifunga.

Kwa hiyo kwenye bei usibane koki na valvu za shaba, mabomba, dawa ya kuzuia maji, gundi, waya na eathi. Bana kioo, sahani ya mvua, na marumaru ya ukutani, ambayo hata ya bei ya chini ikibandikwa vizuri inakaa miaka.

Na kabla ya marumaru ya kwanza kubandikwa, dawa ikishakauka siku ambazo kopo limeandika, zibeni tundu la maji kwa kitambaa na mfuko wa plastiki, mlango usio na kizingiti muuzuie kwa muda maji yasitoke, mmwage maji sakafuni yasimame kina cha sentimita mbili kwenye sehemu ya juu ya mteremko, weka alama ya penseli ukutani, mfunge mlango saa 24. Kesho yake nenda na mume wako na fundi mkaitazame alama hiyo pamoja, mkapapase na ukuta wa upande wa pili. Maji yakiwa yameshuka kwa kuonekana, au ukuta una ubaridi wa unyevu, dawa ipakwe upya kwa gharama ya aliyeipaka, na fundi marumaru asilipwe hata senti, maana kazi yake haijaanza.